Urahisi kwa Nani? Uhakiki wa Msamiati na Sarufi ya Lugha za Kubuni zenye Asili ya Kiromansi kwa Mtazamo wa Kinyakyusa

Ikisiri

Lugha za kubuni zilizojengwa juu ya msamiati wa Kilatini na lugha zilizotokana nacho zimetetewa kwa hoja kuu moja: kwamba ni rahisi. Makala haya yanahakiki hoja hiyo kwa kuchunguza Kiesperanto (1887) na Interlingua (1951) kwa vigezo vinavyotokana na Kinyakyusa, lugha ya Kibantu inayozungumzwa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, pamoja na Kiswahili. Inadaiwa kwamba wabunifu wa lugha hizo walichanganya aina mbili za urahisi: urahisi wa kulitambua neno na urahisi wa kulitabiri neno. Interlingua inatoa ule wa kwanza kwa Wazungu peke yao. Kiesperanto kinakaribia ule wa pili lakini kinazuiwa na mizizi kiliyoirithi. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kwamba tofauti hiyo inagusa moja kwa moja uundaji wa istilahi za Kiswahili.

1. Utangulizi

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Haukupita muda mrefu kabla lugha ya wenyeji haijaingia katika vitabu vya isimu vya Ulaya. C. Schumann alichapisha muhtasari wa sarufi ya lugha aliyoiita ya Wakonde mwaka 1899, na K. Endemann akatoa mazoezi ya kwanza ya Kinyakyusa mwaka 1914, wakati Tukuyu bado ikiitwa Neu-Langenburg na watawala wa Kijerumani. Baadaye ilikuja kamusi ya lugha tatu ya Felberg (1996) na uchunguzi wa kina wa kitenzi uliofanywa na Persohn (2017). Kazi hizi zina thamani kubwa, ila zote zina mwelekeo mmoja: kalamu ya Ulaya inaieleza lugha ya Rungwe, kwanza kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza.

Makala haya yanageuza mwelekeo huo. Kipindi kile kile ambacho Kinyakyusa kilikuwa kikiandikiwa sarufi yake ya kwanza, Ulaya ilikuwa ikijibunia lugha mpya. L. L. Zamenhof alitoa kitabu cha kwanza cha Kiesperanto mjini Warsaw mwaka 1887. Mwanahisabati wa Kiitalia Giuseppe Peano alipendekeza Kilatini kisicho na minyumbuko mwaka 1903. Shirika la IALA, lililoanzishwa New York mwaka 1924, lilimaliza kazi yake kwa kuchapisha kamusi na sarufi ya Interlingua mwaka 1951, chini ya uongozi wa Alexander Gode. Swali linaloulizwa hapa ni hili: lugha hizo zinaonekanaje zinaposomwa na mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyakyusa na ya pili ni Kiswahili?

Swali hili si la kinadharia tu. Mwezi Agosti 2024 Kongamano la 109 la Dunia la Kiesperanto lilifanyika Arusha, la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Lugha inayodai kuwa ya walimwengu wote ilipofika Tanzania, ilijiweka mbele ya mizani ya Watanzania.

Mifano ya Kinyakyusa katika makala haya imeandikwa kwa irabu tano za tahajia iliyozoeleka, ingawa lugha yenyewe ina irabu saba.

2. Kanuni ya kuhesabu na meza iliyopotea

Interlingua haidai kwamba imebuni maneno. Dai la Gode na wenzake ni kwamba msamiati wa kimataifa tayari upo, umetawanyika ndani ya lugha za Ulaya, na kazi ya mwanaisimu ni kuuchambua na kuusanifisha. Utaratibu wao ulikuwa wa kuhesabu: neno lilikubaliwa iwapo lilipatikana katika vyanzo visivyopungua vitatu kati ya vinne, yaani Kiingereza, Kifaransa, Kiitalia, na Kihispania pamoja na Kireno vikihesabiwa kuwa chanzo kimoja. Kijerumani na Kirusi viliweza kuziba pengo.

Utaratibu huu ni wa wazi na unaweza kukaguliwa, na huo ni ubora wake. Kasoro yake hujitokeza pale neno "kimataifa" linapopewa maana yake kamili, kwa sababu Afrika Mashariki haikosi maneno ya Kiromansi. Wareno walikaa katika pwani ya Waswahili kwa karibu karne mbili, na maneno waliyoyaacha yamepanda bara hadi Tukuyu pamoja na Kiswahili: meza, bendera, mvinyo, leso, gereza, karata. Mnyakyusa anayesoma shule ya msingi anayajua yote. Je, Interlingua inamtumia mtaji huo?

Jibu linatofautiana neno kwa neno. Bandiera ya Interlingua inafanana na bendera, na vino inafanana na mvinyo, hivyo hapo msomaji wa Rungwe anapata msaada. Lakini meza, ambayo ni mesa katika Kireno na Kihispania, haikufua dafu. Kiingereza, Kifaransa na Kiitalia vyote vina maneno yanayotokana na tabula ya Kilatini, na kwa hesabu ya vyanzo vitatu dhidi ya kimoja, Interlingua ikachagua tabula. Kiesperanto nacho kina tablo. Neno la Kiromansi ambalo mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wanalitumia kila siku liliondolewa kwa jina la umataifa.

Maneno mengine yalihama maana njiani. Igreja ya Kireno, yaani kanisa, ndiyo gereza ya Kiswahili. Carta ya Kireno imekuwa karata za kuchezea katika Kiswahili, ilhali nchini Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe unaopakana na nchi ya Wanyakyusa, kalata ya Kichewa ni barua. Historia ya mguso ndiyo inayoamua neno litabeba maana gani, na idadi ya lugha za Ulaya zinazolitumia haina nafasi katika uamuzi huo.

Kutokana na mifano hii, kueleweka papo hapo, ambako ndiko fahari ya Interlingua, kunategemea uhusiano uliopo kati ya lugha na msomaji wake. Mtu wa Milan huisoma Interlingua bila kufundishwa kwa sababu zile zile zinazomfanya mtu wa Tukuyu atambue Kiswahili kabla ya kukisoma darasani: umundu na mtu, abana na wana, ing'ombe na ng'ombe, inyumba na nyumba. Kwa Mnyakyusa, lugha inayofanya kazi ambayo Interlingua ilikusudia kuifanya kwa Mzungu ipo tayari, na haikubuniwa na kamati yoyote ya New York.

3. Mzizi mmoja na mizizi minne

Iwapo utambuzi wa maneno haumsaidii sana msomaji wa Rungwe, hubaki sarufi. Hapa ndipo Kiesperanto kinapostahili kutenganishwa na Interlingua. Mizizi mingi ya Kiesperanto imetoka katika Kilatini na lugha zilizotokana nacho, lakini namna ya kuiunganisha haikutoka huko. Viambishi vyake havibadiliki umbo, kila kimoja kina maana yake, na vinapangwa mmoja baada ya mwingine. Kutoka lerni 'kujifunza' hupatikana lernejo 'shule', na kutoka preĝi 'kusali' hupatikana preĝejo 'kanisa', kwa kiambishi kile kile -ej- cha mahali. Kiambishi -ig- huunda utendeshi: scii 'kujua' huzaa sciigi 'kujulisha'. Msemaji wa lugha ya Kibantu hahitaji kufafanuliwa mantiki hii, kwa kuwa ndiyo mantiki ya unyambulishaji wa vitenzi vyake.

Hata hivyo, ulinganisho wa familia moja ya maneno unaonesha mpaka wa ufanano huo:

(1) Kinyakyusa: ukumanya 'kujua', ukumanyana 'kujuana', ukumanyila 'kujifunza', ukumanyisya 'kufundisha', ummanyisi 'mwalimu'.

(2) Kiesperanto: scii 'kujua jambo', koni 'kumjua mtu', lerni 'kujifunza', instrui 'kufundisha', instruisto 'mwalimu'.

(3) Interlingua: saper 'kujua jambo', cognoscer 'kumjua mtu', apprender 'kujifunza', inseniar 'kufundisha', instructor 'mkufunzi'.

Katika (1) kuna mzizi mmoja. Kujifunza na kufundisha vimejengwa juu ya kujua kwa viambishi ambavyo msemaji anavitumia katika vitenzi vingine vingi, na mwalimu, kwa umbo lake, ni yule anayemfanya mwingine ajue. Katika (2) kuna mizizi minne. Zamenhof alikuwa na zana za kuunda "kufundisha" kutokana na "kujua" au "kujifunza", na wasemaji wa Kiesperanto wanaweza kusema lernigi bila kuvunja kanuni. Lakini kwa kuwa lugha za Ulaya zina neno maalumu kwa kila dhana, mizizi ilichukuliwa pamoja na migawanyo yake. Tofauti kati ya kujua jambo na kumjua mtu, iliyomo katika Kifaransa, Kiitalia na Kijerumani, ikaingizwa katika lugha ya ulimwengu kana kwamba ni ya lazima.

Katika (3) hali ni nzito zaidi, kwa sababu hata maneno yenye mzizi mmoja hayafanani kiumbo. Interlingua ina vitenzi vyenye mashina mawili: scriber 'kuandika' lakini scriptor 'mwandishi'; leger 'kusoma' lakini lector 'msomaji'; vider 'kuona' lakini vision 'uonaji'; ager 'kutenda' lakini action 'tendo'. Anayejua Kilatini au Kifaransa huziona jozi hizi kuwa za kawaida. Mwanafunzi wa Rungwe hawezi kuitabiri action kutokana na ager, lazima aikariri. Watetezi wa Interlingua husema kwamba ukaidi huo ndio uasilia wake. Utetezi huo una ukweli, ila unakiri jambo lenyewe linalobishaniwa: kwamba uasilia wa wengine umepewa jina la urahisi wa wote.

Haki inataka kusema kwamba lugha za Kibantu nazo zina ukaidi wake. Hali timilifu ya -manya katika Kinyakyusa ni -menye, umbo ambalo kiambishi -ile kimemezwa ndani ya shina. Katika Kiswahili andika huzaa mwandishi, penda huzaa mpenzi, na iba huzaa mwizi. Hakuna lugha iliyokua midomoni mwa watu ambayo ni safi kama sarufi ya mezani. Tofauti ni kwamba mabadiliko haya yanatokana na kanuni za sauti zinazogusa maneno mengi kwa pamoja, na Kiswahili cha leo kinaendelea kuzalisha maumbo mepesi kama mwandikaji pembeni ya mwandishi. Katika Interlingua ukaidi wa scriptor uliwekwa kwa makusudi na watu waliokuwa na uhuru wa kuuondoa.

4. Kupunguza si kurahisisha

Wabunifu wote wanaojadiliwa hapa walikubaliana kwamba njia ya urahisi ni kupunguza. Peano aliondoa minyumbuko ya Kilatini kama jina la mradi wake lilivyotangaza. Interlingua iliondoa upatanisho wa kivumishi na nomino. Kiesperanto kilibakiza upatanisho wa idadi na kiambishi -n cha yambwa, na kwa sababu hiyo kimelaumiwa mara nyingi. Katika mjadala huo Otto Jespersen, aliyebuni lugha yake ya Novial mwaka 1928, aliweka kigezo kwamba lugha bora ya kimataifa ni ile inayowarahisishia mambo watu wengi zaidi. Kigezo hicho ni cha haki, lakini hesabu ya "watu wengi" iliishia Ulaya.

Mambo matatu yanaonesha kwamba upunguzaji huo haukuwa na macho ya pande zote. La kwanza ni jinsia. Lugha hizi zilijivunia kuacha jinsia ya kisarufi ya Kilatini, lakini zilibakiza utengano wa mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu umoja: li na ŝi katika Kiesperanto, ille na illa katika Interlingua. Msemaji wa Kinyakyusa au Kiswahili, ambaye kiambishi chake a- hakiulizi jinsia ya mtu, analazimika kujifunza utengano ambao wabunifu hawakuuona kuwa mzigo.

La pili ni kauli ya kutendea. "Mwandikie" ni neno moja katika Kiswahili, na Kinyakyusa kina -simbila kutoka -simba 'kuandika'. Kiesperanto husema skribi al na Interlingua scriber a, kwa kutumia vihusishi. Kiesperanto, chenye kiambishi cha utendeshi na cha kujigeuza, hakikupewa cha kutendea, kwa kuwa lugha zilizokuwa mbele ya mbunifu hazikuwa nacho. Msemaji wa Kibantu hapati nafuu kwa kukosekana kwa umbo hilo. Anapotezewa njia anayoijua.

La tatu, na zito zaidi kwa mhakiki wa fasihi, ni njeo. Kiesperanto kina wakati uliopita mmoja, -is. Kinyakyusa hutofautisha tujobile 'tumesema', twajobile 'tulisema' na tulinkujoba, umbo la masimulizi linalosukuma kisa mbele, ambalo katika Kiswahili lingetafsiriwa kwa -ka-: tukasema. Persohn (2017) ameonesha jinsi umbo hili linavyobeba uti wa mgongo wa hadithi. Tafsiri ya ngano ya Kinyakyusa kwa Kiesperanto italaza maumbo hayo matatu katika ni parolis. Kiesperanto kinaweza kuunda njeo ambatani za utimilifu, na Interlingua ina nos parlava sambamba na nos ha parlate, ila hakuna kati yake yenye umbo la kusema: hili linafuata lile, sikiliza. Kinachoondolewa hapo kinaitwa ziada. Kwa msimulizi ndicho kinachotofautisha hadithi na orodha ya matukio.

Suala la matamshi linaweza kuelezwa kwa ufupi. Silabi za Kinyakyusa na Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kinyakyusa kilipolipokea neno la Kiingereza la shule, kilisema isukulu, kikitenganisha konsonanti kwa irabu. Mizizi kama skrib- na structura, au knabo 'mvulana' ya Kiesperanto, inarundika konsonanti ambazo msemaji huyo huzitenganisha ili azitamke. Irabu tano za lugha hizi ni chache kuliko zake saba, kwa hiyo ugumu hauko katika irabu. Uko katika kile ambacho wabunifu hawakukihesabu kuwa kigumu.

5. Jaribio la Kiafrika

Mtu angeweza kudhani kwamba dawa ni kubadilisha chanzo cha msamiati. Jaribio hilo lilifanywa. Mwaka 1970 Mghana K. A. Kumi Attobrah alitoa Afrihili, lugha ya kubuni kwa ajili ya bara zima, iliyobeba hata katika jina lake Afrika na Kiswahili. Kama ishara ya kisiasa, Afrihili ilisahihisha upendeleo unaoelezwa katika sehemu ya pili ya makala haya. Kama lugha, haikupata jamii ya wasemaji inayoweza kulinganishwa na ya Kiesperanto, seuze ya Kiswahili.

Funzo lake ni kwamba haki katika mgawanyo wa maneno haitoshi. Kiswahili hakikukubalika Rungwe kwa sababu tu nyumba inafanana na inyumba. Kilikuja na shule, soko, utawala na siasa za uhuru. Msamiati wa pamoja ulilainisha njia, lakini taasisi ndizo zilizowapitisha watu. Uhakiki wa lugha za kubuni unaoishia katika kuhesabu maneno, ya Ulaya au ya Afrika, unakosea mahali pale pale walipokosea waliozibuni.

6. Hitimisho: istilahi na mwanafunzi wa Tukuyu

Makala haya yamedai kwamba urahisi wa kulitambua neno na urahisi wa kulitabiri ni mambo mawili. Wa kwanza unategemea lugha ambazo msomaji anazijua tayari, hivyo hauwezi kuwa wa watu wote. Wa pili unategemea mpangilio wa lugha yenyewe, na unaweza kumfikia yeyote aliyejifunza mizizi michache. Interlingua imejengwa juu ya ule wa kwanza. Kiesperanto kina mitambo ya ule wa pili, lakini kiliijaza mizizi iliyokwisha kugawanywa kwa desturi za Ulaya.

Tofauti hii inarudi nyumbani. Wataalamu wa Kiswahili wanapounda istilahi husimama katika njia panda ile ile. Sintaksia inatambulika papo hapo kwa msomi aliyepita katika Kiingereza. Imepatikana kwa njia inayokaribiana sana na ya Gode. Kiambishi, kwa upande wake, ni sehemu ya familia: ambika, ambisha, uambishaji. Mwanafunzi wa sekondari Tukuyu anayeijua familia hiyo anaweza kulitabiri neno ambalo hajawahi kulisikia, wakati sintaksia haimpi ufunguo wa neno jingine lolote. Hii haina maana kwamba kila neno la mkopo ni kosa. Mofu, mofimu na alomofu zimekwisha kuwa familia ndogo ndani ya Kiswahili, na mzizi wa kukopa unaozaa ni bora kuliko mzizi wa kienyeji uliokaa tasa.

Kigezo kinachopendekezwa, basi, hakiulizi neno limetoka wapi. Kinauliza litamwezesha mwanafunzi kujenga nini. Kwa kigezo hicho -manya, mzizi unaobeba kujua, kujuana, kujifunza na kufundisha, una jambo la kuwafundisha wabunifu wa lugha za ulimwengu na waundaji wa istilahi kwa pamoja.